Tulipanda terili ya Marcinelle mu neji na viatu vyetu vya kazi

Tangu tuliporudi kutoka Bulaya tunaulizwa neno moja tu: neji iko namna gani, na ni kweli kule mtu hawezi kupanda kilima bila kufunga meno ya chuma chini ya viatu? Tunajibu hapa mara moja kwa wote, maana kurudilia habari kila mangaribi kunachosha, hata kama anayeuliza ndiye analipa Simba.

Tulikuwa wanne. Kulikuwa na delege wa Likasi, tunayemwita Yaya kwa ajili ya umri, mama delege wa Kipushi, kijana wa Kolwezi, na sisi tunaoshika kalamu hii. Sindika moja ya Ubelgiji ilitualika mwezi wa kwanza, wakati kwetu tuliacha mvua na matope mekundu mpaka magoti. Siku ya tatu programu ilisema: Marcinelle, karibu na Charleroi, kutembelea mgodi wa zamani wa makaa wa Bois du Cazier, kisha kupanda terili yake. Usiku uliotangulia theluji ikaanguka.

Pale ndipo mabishano yalianza, mu hoteli. Kijana wa Kolwezi alitafuta ku telefone akaona kramponi ndogo, zile za mpira zenye meno ya chuma, karibu euro 50 kila jozi. Mara nne ni euro 200. Pesa ile haikuwa yetu, ilikuwa ya kotizasio za wanachama, na kila mwanachama anajua euro 200 inalipa minervali ya watoto wangapi. Lakini Yaya ana goti ambalo jiwe lililipiga zamani chini ya ardhi, na mtu akivunjika mguu kule Bulaya, nani atalipa hopitali? Tulilala bila kupatana.

Asubuhi tulimpokea papa mmoja mwenyeji, mtoto wa mchimba makaa Mwitaliano, ambaye alitumwa kutuongoza. Hakutazama nyuso zetu kwanza, alitazama miguu. Sisi wote tulikuwa na viatu vya sekirite vya kazi, vyenye soli nene iliyochimbwa mifereji na shingo inayoshika kifundo. Akasema: "Na hivi tunaweza kufika. Tukiona hatufiki, tunarudi. Kilima hakikimbii."

Tuseme kwanza terili ile ni nini, maana hapa Lubumbashi tukisema terili watu wanafikiri ule mlima mweusi kando ya cheminee. Ule wetu ni skori, uchafu uliotoka mu tanuru ya kuyeyusha shaba. Terili za Charleroi ni mawe yaliyopandishwa pamoja na makaa kisha yakatupwa, miaka na miaka, mpaka yakawa vilima. Leo miti imeota juu, na watu wanapanda siku ya Mungu na watoto na mbwa. Kuna hata njia ya waenda kwa miguu, GR 412, inayopita kati ya terili za Wallonie, kutoka Bernissart mpaka Blegny. Mgodi wa mwisho wa makaa wa Wallonie ulifungwa mwaka 1984. Kazi ilikufa, kilima kikabaki.

Na Bois du Cazier si mahali pa kutembea tu. Tarehe 8 Agosti 1956, wagoneti moja haikuingia vizuri mu kaji, chini kabisa, kwenye mita 975. Kaji ikapanda, wagoneti ikakata bomba la mafuta na kamba za umeme, moto ukawaka mu shimo. Watu 275 walikuwa chini, 13 tu waliokoka. Wafu 262, wa mataifa 12, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano, waliokuja kwa mapatano ya mwaka 1946 ya kubadilisha mikono ya watu na makaa. Papa wetu alitaja hesabu hizi bila kupandisha sauti. Mama wa Kipushi alisimama muda mrefu mbele ya picha za wanawake walioshika vyuma vya geti. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Kisha tukatoka mu baridi. Kipimo kilisema digri mbili chini ya sifuri.

Papa alitufundisha kusoma chini, namna kapita wa zamani alivyotufundisha kusoma paa la galeri kabla ya kupita. Neji mpya, ile iliyoanguka usiku na ambayo hakuna mtu ameikanyaga, inashika: unaikandamiza na soli inapata nafasi ya kuuma. Neji iliyokanyagwa na watu wengi, ikayeyuka kidogo mchana, ikaganda usiku, ile sasa ni kioo. Mbaya kuliko zote ni verigla, mvua inayoganda juu ya jiwe baridi, maana huioni, unafikiri ni barabara yenye maji tu. Akatushangaza na jambo lingine: barafu karibu na kuyeyuka inateleza kuliko barafu ya baridi kali, kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba wa maji. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kavu isitutishe kuliko mchana wa joto kidogo. Sisi tulifikiri kinyume.

Terili yenyewe inasaidia. Mawe yake yamevunjika, yana makali, yanatoboa neji na kushika kiatu. Baadhi ya terili mu nchi ile bado zinaungua ndani polepole, na juu ya sehemu zile neji haikai.

Mwendo wenyewe, ndugu, munaujua tayari. Ni ule wa kariere wakati wa mvua. Hatua fupi, mguu wote chini mara moja, si kisigino kwanza. Uzito juu ya mguu wa mbele, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko. Njia ya katikati iking'aa, unapita kando kwenye majani na neji safi. Kijana wa Kolwezi, ambaye alichimba kwa mikono kabla ya kuajiriwa na aliwahi kubeba mfuko akipanda matope na sandale, alikwenda kama mbuzi. Yaya tulimkatia fimbo.

Robo tatu ya njia tukafika kwenye mpando uliotazama kaskazini. Kule jua la mwezi wa kwanza linapita kusini, chini chini, na upande wa kaskazini haulioni. Njia ilikuwa barafu tupu, na chini yake mteremko mrefu bila mti. Mama wa Kipushi akasimama. "Yaya, hapa hapana. Tunarudia."

"Mi sikuya Bulaya kuogopa kilima," Yaya akajibu.

"Kilima haina shida. Goti yako njo iko na shida."

Tulipiga kura pale pale, watu wanne wenye pua zinazotiririka. Watatu kwa mmoja. Yaya alikasirika, lakini kura ni kura, yeye mwenyewe ametufundisha hivyo. Tukashuka nyuma kidogo, papa akatuzungusha upande wa jua, ambako neji ilikuwa imepungua na mawe meusi yalionekana. Njia ilikuwa ndefu zaidi, lakini tulifika juu. Tuliona Charleroi yote, viwanda, mfereji, na terili nyingine zimepangana na vichwa vyeupe.

Kushuka ndiko kugumu. Mama alitoa mu mfuko soksi za sufu akazivaa juu ya viatu. Tulicheka mpaka papa akatuambia si upuzi: mwaka 2009 watafiti wa Dunedin, New Zealand, walichapisha jaribio kwenye barabara zilizoganda, wakaonyesha soksi juu ya viatu zinapunguza kuteleza. Tuliacha kucheka. Soksi zilichakaa, lakini mama alishuka wa kwanza.

Na kuanguka? Ndiyo, mmoja alianguka. Si kwenye terili. Ilikuwa chini, mu parkingi, mita tano kabla ya gari, juu ya verigla, mikono mu mifuko, akihadithia namna alivyopanda. Yaya. Kiganja kilivimba siku nne.

Tuliporudi, mkubwa mmoja wa sekirite, hatumtaji wala kazi yake, alisikia habari hii akafurahi. "Munaona? Materieli si yote, akili inatosha." Tulimjibu hapo hapo. Juu ya terili mtu yeyote alikuwa na ruhusa ya kusema hapa hapana, na hakuna aliyemkata mshahara. Tulichagua saa, tulichagua njia, na viatu vilikuwa vizuri. Chini ya ardhi hatuchagui. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, juu ya usalama mu migodi, unasema mu kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anaweza kuondoka mahali akiona kwa sababu ya haki kuna hatari kubwa kwake. Siku mama wa Kipushi atasimama mu galeri namna alivyosimama pale, na wote wakarudi bila maneno, siku ile tuzungumze naye juu ya akili. Kwa sasa tunangojea kasike mpya tulizoomba.

Kwa ninyi wenye watoto na wajomba kule Liège au Charleroi: terili na pori la kawaida vinawezekana na viatu vizuri, fimbo na mchana mzima mbele yako. Mteremko mrefu wa barafu tupu ni neno lingine, pale nunueni meno ya chuma au rudini.

Ku Likasi, Yaya alipoulizwa juu ya bandeji, alijibu kwamba ni terili. Sisi tunaandika hapa: ni parkingi.