Je, Wajua? Mji wa Jua Ulibuniwa Gerezani

Tommaso Campanella, mtawa wa Shirika la Wadominiko aliyezaliwa mwaka 1568 huko Stilo, kusini mwa Italia, aliandika kitabu chake mashuhuri, Mji wa Jua, mwaka 1602 akiwa mfungwa mjini Napoli kwa tuhuma za kula njama dhidi ya utawala wa Hispania na za uzushi, yaani kufundisha mambo yanayopingana na imani ya Kanisa. Kitabu hicho ni cha utopia, aina ya maandishi inayosawiri jamii bora ya kubuniwa: humo hakuna mali ya mtu binafsi, kila mtu hufanya kazi saa 4 tu kwa siku, na elimu huchorwa kutani ili watoto wajifunze huku wakicheza. Ili kukwepa hukumu ya kifo, Campanella alijifanya mwendawazimu, akavumilia mateso ya takriban saa 40 bila kuungama hila yake, ujasiri unaostahili kukumbukwa sambamba na mashairi yake ya kifalsafa, yaliyochapishwa mwaka 1622 kwa jina la bandia. Alitoka katika magereza ya Napoli mwaka 1626, akakimbilia Ufaransa mwaka 1634, na akafariki Paris mwaka 1639.