Je, Wajua? Titye na Matumbawe ya Bahari

Je, wajua kwamba tumbawe si jiwe wala mmea? Ni mnyama. Kila tawi lake ni kijiji cha wanyama laini, wengi wakiwa wadogo kama punje ya mtama, wanaojijengea vyumba vya chokaa na kuishi humo wamebanana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani imejengwa kwa vyumba hivyo baada ya wenyewe kufa.

Je, wajua kwamba tumbawe ana ndugu mkoani Kigoma? Katika Ziwa Tanganyika huelea kiumbe mviringo, angavu kama nailoni, upana wake kama sarafu. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Watu wa pwani huwaita jamaa zake yavuyavu, na yavuyavu na tumbawe ni wa ukoo mmoja. Mtoto wa Titye, wilayani Kasulu, anayetaka kumsoma tumbawe anaweza kuanza na huyu, maana yuko mkoani kwake.

Kiumbe huyo alimsumbua sana Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896 na tena mwaka 1899. Alipowaona yavuyavu, na konokono wenye magamba mazito kama ya baharini, aliamini kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale, akaandika kitabu kizima kulitetea wazo hilo mwaka 1903. Alikosea. Ziwa ni zao la Bonde la Ufa, na konokono wake walinenepesha magamba kwa sababu waliishi miaka mingi mno na kaa wanaoyavunja. Hata hivyo nampenda Moore. Alisafiri hadi Tanganyika kwa ajili ya swali, na swali lilikuwa zuri.

Je, wajua kwamba mvua ya Titye haielekei Bahari ya Hindi? Mito ya nyanda za Kasulu, Ruchugi ukiwa mmoja wao, huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji ziwani kusini mwa Ujiji. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, unaoshuka hadi Lualaba, kisha Mto Kongo, kisha Atlantiki. Matone mengi hayafiki huko, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupaa kuwa mvuke. Ila njia ndiyo hiyo. Msafiri anayepanda treni Kigoma kwenda Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 1,250, anayapa kisogo maji ya kwao.

Na chumvi, je, ni ya baharini tu? Ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi zilizo mbali na bahari yoyote, na watu wameichemsha pale kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Je, wajua kwamba tumbawe hulishwa na mwani? Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake, wakati mwingine hadi asilimia 90 ya anachohitaji. Rangi ya tumbawe pia hutokana na mwani huo. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, kwa majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani nje, akapauka na kuwa mweupe kama mfupa. Joto lisiposhuka mapema, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 dunia ilipoteza takriban asilimia 16 ya matumbawe yake kwa namna hiyo, na Mafia iliumia vibaya.

Adui wa pili ni tope, kwa sababu hulizuia jua. Hapa ndipo ningemwomba msomaji wa milimani asifungue ukurasa mwingine.

Habari za joto na za tope, tumbawe huziandika mwilini mwake. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka na kuacha alama za kila mwaka, kama mti unavyoacha pete. Watafiti huzamia na kekee, hutoboa, huchomoa mche mrefu wa chokaa, kisha huziba tundu. Mwaka 2000 watafiti wanne walitangaza katika jarida la Science walichokisoma katika tumbawe la Malindi: habari za joto la bahari za miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994. Mwaka 1801 Seyyid Said, sultani wa baadaye wa Zanzibar, alikuwa mtoto wa miaka kumi huko Oman, na tumbawe lile tayari lilikuwa likiandika.

Mwaka 2007 baadhi ya watafiti hao, pamoja na wengine, walisoma tena matumbawe ya Malindi, safari hii wakitafuta bariamu, madini yanayoshuka na udongo wa mtoni. Toka mwaka 1700 hadi 1900 kiasi chake karibu hakikubadilika. Kisha kikaanza kupanda, na kikaendelea kupanda. Udongo ule uliletwa na Mto Sabaki kutoka bara la Kenya, ambako ukoloni ulikuwa umepindua matumizi ya ardhi: misitu ikafyekwa, mifugo na wakulima wakasongamana. Wakulima wa Ukambani, huko bara, waliochimba matuta ya fanya juu ili udongo usiwakimbie walikuwa wakiwatetea wanyama wa baharini ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona.

Mmoja wa wale watafiti wanne wa mwaka 2000 ni Mkenya, Dk. Nyawira Muthiga. Je, wajua alianzia wapi? Kwa wanyama mviringo wenye miiba, wale ambao ukimkanyaga mmoja ufukweni unachechemea. Mwaka 1988 yeye na mtafiti mwenzake Tim McClanahan walionyesha jinsi uvuvi unavyoubadilisha mwamba wa matumbawe: wavuvi wakiwamaliza samaki kama kikande, wanaowatafuna wenye miiba hao, wenye miiba huongezeka na kuuguguna mwamba wenyewe. Palipohifadhiwa, kama Malindi tangu 1968, samaki huwadhibiti. Alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1996 kwa kuwasoma haohao. Baadaye aliongoza WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi kilichoanzishwa 1993, chenye makao Zanzibar. Miaka kwa miaka ya kuhesabu mnyama mmoja asiyependwa na mtu, na hesabu hiyo ikaeleza mwamba mzima. Sijui kazi ninayoiheshimu kuliko hiyo.

Mkenya mwingine, David Obura, mtaalamu wa matumbawe wa Mombasa, alichaguliwa mwaka 2023 kuongoza IPBES, jopo la mataifa kuhusu viumbe hai.

Zanzibar, Dk. Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alitoka na elimu yake hadi ufukweni, akawafundisha wanawake wa Fumba na Bweleo kufuga chaza wa lulu na kutengeneza vito vya kombe. Katika kisiwa cha Chumbe, kilichohifadhiwa tangu 1994, waliokuwa wavuvi ndio walinzi wa mwamba, na wanafunzi huvishwa miwani ya kuzamia wakaona kwa macho yao kile ambacho kitabu kiliwachorea. Titye bado inasubiri siku yake.

Je, wajua vifaa vya kazi ya watafiti hawa? Kamba ya kupimia inayotandazwa juu ya mwamba, kibao cha plastiki, na penseli. Penseli ya kawaida, ileile ya darasa la tatu, huandika chini ya maji. Mengine hujifunzwa: kuogelea, kuzamia, majina ya viumbe. Kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) hufungua mlango. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo taasisi yake ya bahari Zanzibar tangu 1978. Na asiyetaka kwenda mbali, mafunzo ya uvuvi yapo Kibirizi, Kigoma.

Ziwa Tanganyika nalo limeandika, kama tumbawe. Matope ya sakafuni, yaliyosomwa na mtafiti Andrew Cohen na wenzake mwaka 2016, yanaonyesha samaki walianza kupungua tangu karne ya 19, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara, maji yalipopata joto na kuacha kuchanganyika vizuri.

Je, wajua, mwisho, asili ya dagaa wa Kigoma? Ni wa ukoo wa samaki wa baharini. Mababu zao waliingia mito ya Afrika kutoka upande wa Atlantiki mamilioni ya miaka iliyopita, wakapanda kidogo kidogo kinyume na mkondo hadi Tanganyika. Kutoka ziwani hadi kwenye beseni la muuzaji wa Kasulu wamesafirishwa kwa gari.