Marekebisho ya Kompyuta ni Ulinzi wa Amana

Katika nyumba zetu nyingi kompyuta moja huwatumikia wote: watoto kwa masomo, mama kwa hesabu za biashara yake. Ikiwa ni ya Windows, hupakua marekebisho ya mfumo yenyewe. Yanapomaliza bando la wiki kwa siku moja, wengi huamua kuyazuia kabisa.

Uamuzi huo una hatari. Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa katika mfumo wake. Mwezi wa Mei programu haribifu iitwayo WannaCry iliupitia ufa huo huo kwa wale wasiouziba, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia.

Basi tusiyazuie, tuyapangie wakati. Katika Mipangilio, ijulisheni kompyuta kwamba intaneti yenu ni ya kupimwa, isipakue ovyo. Marekebisho makuu hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wekeni bando siku zinazofuata, kisha yaruhusuni. Yakikwama, tazameni: je, diski imejaa? Tarehe na saa ni sahihi? Mashine imezimwa na kuwashwa upya? Na yanapoendelea kuwekwa, msikate umeme.

Picha, vyeti na hesabu zilizomo ni amana ya jamaa nzima. Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kukomea mlango wake.