Maji Kwanza, Polishi Baadaye

Anayeanza kung'arisha gari nyumbani hukimbilia polishi. Kwa kata kama Nyabiyonza, Karagwe, penye barabara za vumbi, huko ni kuanzia mwisho. Vumbi lina chembe ngumu za mchanga. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unazisugua kwenye rangi, na mikwaruzo inabaki. Mwagia maji mengi, kisha osha kuanzia juu, ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Polishi yenyewe hula tabaka la juu la rangi, ambalo kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele, hivyo si kazi ya kila wiki. Wapo watakaosema vumbi litarudi kesho. Litarudi, naam, ila juu ya rangi iliyopakwa nta ya kuikinga huoshwa kwa urahisi. Mwenye ndoo mbili asinunue mashine ya kung'arishia bado.