Kwa Nini Jiko la Pampu Haliruki?

Mafuta ya taa yaliyopikia chai na maharage kwa miaka mingi katika vyumba vya kupanga vya Kariakoo, na mafuta yanayorusha ndege kutoka Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, ni ndugu wa karibu. Yote mawili hutokana na sehemu moja ya mafuta ghafi. Tofauti ni kwamba mafuta ya ndege husafishwa na kupimwa kwa masharti makali zaidi. Aina iitwayo Jet A-1 haipaswi kuganda kabla ya baridi kufikia nyuzi 47 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kuwa katika kimo cha kilometa 11 baridi huweza kupita nyuzi 50 chini ya sifuri. Lakini joto la kilo moja ya mafuta hayo halizidi sana lile la jikoni.

Jiko la mafuta la pampu nalo lafanana na injini ya jeti kwa mengi: lina mvuke utokao kwa kasi, lina mwali wa buluu, na lina mngurumo. Hata hivyo halinyanyuki mezani. Mwenye kujua sababu yake amekwisha kuelewa kiini cha injini zote za jeti.

Msukumo hutoka wapi?

Sikukuu ya Idi, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, mtoto akiachia baluni lisilofungwa mdomo, hewa hutoka upande mmoja na baluni hukimbilia upande wa pili. Wengi hudhani kwamba hewa hiyo huisukuma hewa ya nje, kama mvuvi asukumavyo ngalawa kwa kukita pondo mchangani. Sivyo. Hewa iliyobanwa ndani ya baluni husukuma kuta zote. Penye mdomo hakuna ukuta wa kusukumwa, hivyo ukuta unaoelekeana na mdomo husukumwa bila mpinzani. Isaac Newton aliieleza kanuni hii mwaka 1687: kila kani huambatana na kani nyingine iliyo sawa nayo na iliyoelekea upande wa pili. Ndiyo maana roketi husukumika hata mahali pasipo na hewa.

Ukubwa wa msukumo hutegemea mambo mawili: wingi wa gesi inayopita kila sekunde, na kasi inayoongezwa juu ya gesi hiyo.

Upungufu wa jiko

Mpishi akipiga pampu, hewa hubanwa ndani ya tangi na kuyapandisha mafuta kwenye bomba lenye moto. Huko mafuta hugeuka mvuke, nao huchomoka katika tundu dogo mno, lile lisafishwalo kwa sindano. Mvuke huo huvuta hewa ya pembeni, huchanganyika nayo, kisha huwaka.

Msukumo upo, lakini ni mdogo mno: haufiki uzito wa gramu chache. Hewa iliyobanwa na pampu huyasukuma mafuta tu; hewa inayowaka haikubanwa hata kidogo. Hewa ya namna hiyo ikipashwa moto hutanuka kila upande, wala haina nguvu ya kuirusha upande mmoja. Basi moto peke yake hautoshi. Sharti hewa ikandamizwe kwanza, ndipo ichomwe, kisha ipewe njia moja ya kutokea.

Injini isiyo na kitu kinachozunguka

Mfaransa René Lorin alieleza mwaka 1913 jinsi ya kutimiza masharti hayo kwa bomba tupu. Injini hiyo huitwa ramjeti. Ndege ikienda kasi, hewa huingia kwa mbele, hupunguzwa mwendo ndani ya bomba linalopanuka, na kule kupunguzwa mwendo huikandamiza. Mafuta hunyunyiziwa na kuwashwa. Gesi ya moto haiwezi kurudi mbele, kwa sababu mkandamizo wa hewa inayoingia huizuia kama kizibo. Hutokea nyuma kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Tuseme bomba hilo limefungwa juu ya basi la mwendokasi linalopita Mtaa wa Msimbazi kwa kilometa 50 kwa saa. Mkandamizo wa hewa ungeongezeka kwa takriban sehemu moja tu kwa elfu. Kwa kasi ya sauti, hesabu huonyesha kwamba mkandamizo hukaribia kuwa mara mbili. Kwa kasi ya sauti mara mbili, karibu mara nane. Na kwa mara tatu, zaidi ya mara 35. Kwa hiyo ramjeti haiwezi kuondoka chini yenyewe. Ndege ya René Leduc, iliyoruka kwa nguvu ya injini hii nchini Ufaransa mwaka 1949, ilibebwa kwanza mgongoni mwa ndege nyingine.

Wajerumani walipita njia ya pili. Bomu lao la V-1, lililoanza kupiga London mwezi Juni 1944, lilikuwa na bomba lenye vali nyembamba za chuma kwa mbele. Vali zilifunguka kupokea hewa, zikafungwa na mlipuko, zikafunguka tena, yapata mara 45 kila sekunde. Injini ya namna hii, iitwayo palsijeti, huweza kuwaka ikiwa imesimama, lakini hula mafuta mengi, na vali zake huchakaa upesi.

Mapanga yalitatua tatizo

Ndege zinazopita juu ya Kariakoo zikienda kutua hutumia njia ya tatu. Mbele ya chumba cha moto yapo mapanga yanayozunguka na kuikandamiza hewa, hata ndege ikiwa imesimama. Nyuma yapo mapanga mengine yanayozungushwa na gesi ya moto, nayo huyazungusha yale ya mbele kwa mhimili mmoja. Ndege ya kwanza ya jeti iliruka Ujerumani tarehe 27 Agosti 1939. Shirika la East African Airways lilipata ndege za Comet 4 zenye injini za jeti mwaka 1960. Katika injini za ndege za Airbus A220, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2018, kwa kila kilo moja ya hewa ipitayo penye moto, kilo 12 hivi hupita kando zikisukumwa na feni kubwa.

Onyo kwa mafundi

Fundi hodari wa Gerezani anaweza kuunda bomba lenye umbo la ramjeti kwa bati na rivети chache, na kijana mwenye kipaji atatamani kuliwasha. Na aelewe kwamba bomba lililowashwa likiwa limesimama ni jiko tu, na kwamba bomba lililozibwa ili kuongeza mkandamizo ni bomu. Vivyo hivyo jikoni: petroli ikichanganywa na mafuta ya taa hutoa mvuke unaowaka hata katika joto la kawaida la chumba, na tangi la jiko huweza kulipuka. Kanuni inyanyuayo ndege yenye abiria zaidi ya mia ndiyo hiyohiyo iwezayo kuteketeza nyumba ya vyumba sita. Tofauti ni kama gesi ya moto imeandaliwa njia ya kutokea, au imeachwa ijitafutie yenyewe.