Usikikaushe Kidonda

Pale Wagenia, wavuvi wa Kisangani hutega migono mikubwa kwenye nguzo zilizosimikwa katikati ya maporomoko ya mto Kongo. Miamba inateleza, nguzo zina vibanzi, samaki wana miiba. Kuchubuka mguu si habari kwao. Kinachonisumbua ni kinachofuata: watu wengi, huko na kwingineko, hufungua kapsuli ya antibiotiki, wakamwaga unga wake juu ya kidonda, wakakiacha wazi kipigwe na jua.

Mwili wenyewe hauponyi kidonda kwa kukikausha hivyo. Ngozi ikichanika, chembe sahani za damu hushikana na nyuzi za fibrini zikaziba tundu. Saa chache baadaye chembe nyeupe huingia kula vijidudu na uchafu, ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo kidonda huwa na joto, kikavimba kidogo. Halafu huota nyama mpya yenye vinundu vidogo, nyekundu kama pera lililoiva ndani. Juu yake chembe za ngozi hutambaa kutoka ukingoni, nazo hutambaa vizuri penye unyevu. Zikikuta gaga kavu hulazimika kupita chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alieleza katika jarida la Nature jinsi vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilivyoota ngozi upesi, karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa vikauke.

Unyevu huo, lakini, si maji ya mto. Mvuvi anayerudi majini na kidonda wazi anakipelekea vijidudu kila siku. Kioshe kwa sabuni na maji safi, au yaliyochemshwa yakapoa, utoe mchanga wote. Paka vazelini kidogo, funga kitambaa safi, ubadilishe kila siku na kila kinapolowa. Spiriti iache: inaua vijidudu, inaua na chembe changa.

Wekundu ukienea, usaha ukitoka, homa ikipanda, au ukichomwa na msumari ukazama, nenda kituo cha afya. Mbegu za vijidudu vya pepopunda zimo udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na usafi peke yake hauzizuii. Kinga ni chanjo, na mtu mzima huirudia kila baada ya miaka 10. Kama hukumbuki ulichanjwa lini, muulize muuguzi kabla hujaumia.