Kunasa kwa chakula kando ya taji la jino

Kunasa kwa chakula kando ya taji la jino ni hali ya mabaki ya chakula kubanwa mara kwa mara kati ya jino lililovikwa taji na jino la jirani, au kwenye ukingo wa ufizi. Taji, ambalo wengi huliita "kofia", ni ganda la metali au kauri linalofunika jino lililooza sana, lililovunjika au lililotibiwa mzizi.

Sababu

Meno yenye afya hugusana ubavuni, na mguso huo huzuia chakula kupenya. Taji likiwa jembamba mno, pengo hubaki na kila utafunaji husukuma chakula humo. Ukingo wa taji uliojitokeza nje pia hushika mabaki.

Huko Machame, wilaya ya Hai, ambako ndizi ni chakula kikuu, mtori uliopondwa hausumbui sana. Vinavyonasa upesi ni nyuzi za nyama za machalari au nyama choma, na maganda ya maharage ya kiburu.

Madhara

Ufizi huvimba, hutoa damu na kinywa hunuka. Taji lenyewe halitoboki, lakini jino lililo chini yake huweza kuoza ukingoni. Jino lililotibiwa mzizi halina neva, kwa hiyo huoza bila kuuma; mwenye jino hushtuka taji likiwa tayari limelegea.

Utunzaji

Baada ya kula, husaidia kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha kupitisha uzi wa meno polepole ukifuata ubavu wa kila jino. Kwa taji la muda, uzi huvutwa kutokea pembeni, kwa kuwa ukivutwa juu unaweza kuling'oa. Pini, sindano na njiti za kiberiti huchubua ufizi.

Ufizi kuuma kidogo siku za kwanza ni kawaida. Chakula kikinasa palepale kila mlo, usafi pekee hautaondoa chanzo. Daktari wa meno hupima mguso kwa uzi: ukipita bila kizuizi, mguso umelegea. Kabla ya taji kugandishwa, kasoro hiyo hurekebishwa kwa urahisi. Baadaye huenda likalazimika kutengenezwa upya, au jino la jirani kuzibwa ili pengo lifungike. Mjini Moshi, huduma ya meno hupatikana pia katika hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.